Kabla Hajasimulia, Muulize Ameketi Wapi

(Mhadhara kwa wanafunzi wa ustawi wa jamii na washauri nasaha wa kujitolea)

Asanteni kwa kunikaribisha. Wazee mlioketi mbele, shikamooni.

Mada niliyopewa ni tiba ya kiwewe kwa njia ya mtandao, kwa wanawake wanaotafuta kupona na kujikubali. Kiwewe, lile jeraha la moyo linalobaki baada ya tukio la kutisha, mmekisoma darasani, sitapoteza muda wenu kukieleza zaidi. Naingia moja kwa moja kwenye jambo ambalo walionisikia kwingine wanalijua, na leo nalisema tena kwa sababu bado halifanyiki. Mwanamke akikupigia simu kuomba msaada, usianze kwa kumuuliza kilichompata. Muulize ameketi wapi, yuko na nani, na simu aliyoishika ni ya nani.

Najua kuna anayesema moyoni, “Mama, mteja amenunua bando kwa shida, wewe unamaliza dakika zake kwa kuuliza habari za milango?” Ndiyo, namaliza. Na mkinipa kikao kizima kwa ajili ya milango peke yake, nitakichukua.

Sikilizeni habari ya dada mmoja. Ameniruhusu niisimulie, na nimebadilisha kila kinachoweza kumtambulisha. Alikuwa ameolewa, anaishi kwa wakwe, nyumba moja na mama mkwe na mashemeji. Yaliyompata sina haja ya kuyataja. Mnaoifanya kazi hii mtayajua. Akampata mshauri wa kuongea naye kwa simu ya video. Kila kikao akiulizwa hali, jibu ni hilo hilo: “Naendelea vizuri, dada, nashukuru sana.” Analala? Analala. Anakula? Anakula. Mshauri akaandika kwenye faili kwamba mteja anapiga hatua, na alipoleta faili kwangu kwa usimamizi alitaka tukubaliane kulifunga.

Nilimwomba jambo moja. Kikao kinachofuata asiulize swali lolote linalotaka maelezo, aulize ya ndiyo na hapana tu. Dada, uko peke yako? Hapana. Mlango umefungwa? Hapana. Uliye naye ananisikia? Ndiyo.

Shemeji yake alikuwa ameketi mkekani, hatua mbili kutoka pale, anakula. Spika ya simu ilikuwa wazi, wala si kwa uzembe: kile kispika cha sikioni kilikuwa kimekufa, bila kufungua spika kubwa hasikii kitu. Simu yenyewe ilikuwa ya zamani ya mumewe. Laini imesajiliwa kwa jina la mume. Bando ananunua shemeji. Na WhatsApp ya dada yule ilikuwa imeunganishwa na kompyuta iliyoko sebuleni, kwa hiyo hata alipofuta ujumbe kwenye simu, ulikuwa umeshasomwa upande wa pili. Niambieni, katika hali hiyo mtu atasema nini zaidi ya “naendelea vizuri”? Alikuwa anajilinda, na alijilinda vizuri kuliko sisi tulivyomlinda.

Sasa tazameni kilichofanyika, kwa sababu hapa ndipo penye kazi. Mtaani kwao kulikuwa na mama fundi cherehani, mtu wa makamo, anayeaminika na nyumba nzima. Dada alikuwa na sababu ya kwenda kwake: kushona sare za watoto, kupunguza gauni. Nyuma ya duka kuna chumba kidogo cha kupimia nguo, kina pazia na stuli. Fundi hakuambiwa habari yoyote. Aliombwa tu nafasi, naye hakuuliza. Simu ikawa ya fundi, na vipokea sauti vyenye waya vya bei ya chini kabisa, kwa sababu mwenye vipokea sauti sikioni anasikia peke yake, na anachojibu kinamezwa na kelele za cherehani mbili zinazokimbia. Video tukaiacha. Sauti inatosha, na bando linadumu.

Wakakubaliana na neno. Mtu akiingia ghafla, dada anauliza, “Zile kanga za doti bado zipo?” Mshauri anajibu hapo hapo, “Zipo, nimebakiza mbili,” na mazungumzo yanageuka ya kanga, bei na rangi, mpaka hatari ipite au simu ikatwe kwa heri ya kawaida. Kwa zile siku chache ambazo ilibidi wawasiliane kwa simu yake mwenyewe, namba ya mshauri ilihifadhiwa kwa jina la muuza kanga. Na hakuambiwa afute kila kitu. Hili washauri wengi wanalikosea: mnamwambia mama afute simu zote zilizopigwa na ujumbe wote. Simu iliyofagiliwa ikawa tupu ndiyo inayoamsha maswali! Unaacha za mama yake, za duka, za shule, unaondoa inayoleta hatari tu.

Ni baada ya hapo, nyuma ya lile pazia, ndipo alipoanza kulia. Mshauri alipiga kunieleza kwa furaha kwamba mteja amelia. Nikamwambia haya, sasa tumeanza.

Mtaniuliza kama mnavyoniuliza siku zote: basi mtandao haufai, turudi ofisini? La. Mama wa kijijini mwenye watoto wadogo na nauli ya kubangaiza hawezi kuja mjini kila wiki, na akionekana mlangoni pa ofisi ya ushauri, kabla hajafika nyumbani habari imeshatangulia. Tena tunajua tiba ya mbali inaweza kutibu. Uingereza, mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na timu ya Cardiff walichapisha jaribio la watu 196 wenye athari za kiwewe: nusu walitibiwa ana kwa ana, nusu kwa programu ya intaneti wakisaidiwa na mtaalamu. Waliotumia intaneti hawakuachwa nyuma. Lakini someni na masharti yake, msishike kichwa cha habari mkakimbia nacho. Walikuwa watu wenye hali ya wastani au nyepesi, na kiwewe chao kilitokana na tukio moja. Mwanamke aliyepigwa miaka kumi na anayelala chumba kimoja na anayempiga hakuwa kwenye hesabu ile. Na aliyetumia programu alikuwa na mtaalamu wa kumshika mkono. Hakuachiwa simu peke yake.

Kabla ya kikao cha kwanza, mambo haya yawe yameandikwa. Leo yuko wapi hasa: mtaa, alama ya karibu, msikiti, shule. Jirani au ndugu gani anaweza kufika kwake haraka. Mtandao ukikatika katikati ya maneno mazito, nani anampigia nani, baada ya dakika ngapi, na asipopokea tunafanya nini. Mmeshawahi kufikiria mtu yuko katikati ya kumbukumbu mbaya kuliko zote maishani mwake, halafu simu inakufa? Ofisini ungempa maji, ungemsubiri atulie. Huku amebaki peke yake na picha ile. Ndiyo maana nasema kumbukumbu haifunguliwi kikao cha kwanza, wala cha pili. Vikao hivyo ni vya kumfundisha kujirudisha: miguu chini, aisikie sakafu, ataje anachokiona mbele yake, atoe pumzi taratibu, ndefu kuliko aliyoivuta. Akiweza kufanya hivyo peke yake bila sauti yako, hapo mna pa kusimama.

Msinitajie ile hoja ya “mwache atoe yote, atapata nafuu.” Shirika la Afya Duniani lilishasema, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2013, tusitumie kikao kimoja cha kumtoa mtu habari zote mara tu baada ya tukio, kwa sababu hakimkingi na athari za baadaye. Mnalijua hilo, mmelijibia mitihani. Mbona kwenye simu mnalisahau?

Haya, kujikubali. Hapa napandisha sauti, mnisamehe. Wanawake wetu wanauziwa maneno matamu kila siku kwenye mitandao: jipende, jitazame kwenye kioo useme wewe ni malkia. Hakuna ubaya kujisemea maneno mazuri. Lakini mwanamke anayeamini kwamba yeye ndiye aliyejitakia, ukimwambia ni malkia, kila akirudi kwenye kioo anajiona mwongo juu ya yote aliyo nayo. Kujikubali kunapita kwenye ile imani. Lazima muiguse.

Na imani hiyo mara nyingi ni ya kawaida kabisa. “Ningepiga kelele, yasingetokea.” Nimeisikia kwa msomi na kwa asiyesoma, kwa bibi na kwa binti. Sasa mwambieni kinachojulikana. Mwili ukiona hauwezi kupigana wala kukimbia, unaweza kuganda. Sauti haitoki, mikono haisogei, na mwenye mwili hakuchagua. Kule Stockholm, kwenye kliniki ya dharura ya waliobakwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahoji wanawake 298; asilimia 70 kati yao walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Wengi wao! Dada yetu wa nyuma ya pazia aliposikia hilo alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, “Kwa hiyo mimi sikukubali?” Mshauri akamwambia, “Hukukubali, dada. Uliganda.” Akaomba arudiwe. Akarudiwa. Alikuwa amebeba aibu isiyo yake tangu usichana, na hakuna kioo kilichowahi kuitua.

Kuna wanaosema kazi hiyo ni ya wasomi, mama zetu hawawezi kuchambua imani zao. Nawapeleka mashariki ya Kongo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, kwenye vijiji 15, vita vikiwa bado vinaendelea. Wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Kwenye baadhi ya vijiji walikaa kikundi na kufundishwa hatua kwa hatua kuihoji ile imani: hili naliamini kwa nini, ushahidi wake uko wapi, naweza kulitazama namna nyingine? Waliowaongoza walikuwa wasaidizi wa huko huko, si madaktari, na wakufunzi waliokuwa Marekani walifuatilia kazi kwa simu. Nafuu waliyoipata ilikuwa kubwa kuliko ya vijiji vilivyopewa msaada wa mtu mmoja mmoja wa kawaida, na ilidumu. Kwa hiyo anayeniambia mwanamke wa kwetu hataelewa, amwache kwanza mwanamke mwenyewe ajaribu.

Wengine wanakuja na hili: bibi zetu walikuwa na kungwi na somo, walisaidiana bila simu. Kweli, na namheshimu somo. Mama fundi cherehani wa dada yetu alifanya kazi ya somo bila kuulizwa jina. Lakini somo alifundisha pia kwamba siri ya nyumba haitoki, na kuna siri zinazoua. Na viongozi wa dini wanaomwambia mama asamehe kwanza ndipo apone, nawaomba kwa adabu zote wampe nafasi. Kusamehe kukija, kuje baadaye, kwa hiari yake, na hakumlazimu kurudi kwenye chumba kile.

Naona naoneshwa saa. Basi haraka.

Kumbukumbu za vikao. Finland, mwaka 2020, ilijulikana kwamba kampuni ya tiba ya saikolojia ilikuwa imeibiwa mafaili ya zaidi ya wagonjwa 30,000, na mwizi akawaandikia wagonjwa wenyewe akidai pesa, la sivyo atayatoa hadharani. Marekani, mwaka 2023, kampuni kubwa ya tiba ya mtandaoni iliamriwa kulipa dola milioni 7.8 kwa kuwapa wauza matangazo taarifa za wateja. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Isomeni. Msirekodi vikao. Jina la mteja lisikae pamoja na maelezo yake. Na kesi isijadiliwe kwenye kundi la WhatsApp, hata bila jina. Mtaa wenu mdogo, watu wataunganisha.

Aliyebakwa sasa hivi hahitaji simu ya video. Anahitaji hospitali, na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Mwelekezeni kwenye kituo cha mkono kwa mkono, kile chenye huduma zote mahali pamoja, kama kipo, dawati la jinsia la polisi, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Mmoja wenu abaki kwenye laini mpaka afike.

Dada zetu wanaofanya kazi za ndani Oman na Saudia, wanaonyang'anywa simu au wanaopewa saa ya usiku tu, hao ni mada ya siku nzima na nilitaka kuigusa. Sitaweza. Ila kanuni ni ile ile: ujumbe mfupi, saa anayoichagua yeye, na usimtumie sauti iliyorekodiwa inayoweza kusikika kwenye chumba cha mwajiri.

Kuhusu malipo na kuhusu makocha wanaojitangaza bila mafunzo yoyote, niulizeni kwenye maswali, nina mengi ya kusema. Dada wa safu ya nyuma amenyoosha mkono muda mrefu. Karibu, simama tukusikie.