Dawa ya malaria kwa mtoto wa kilo nne

ISSA: Karibuni tena jamani, wa Mtwara mjini, wa Newala, Masasi, Lindi, Kilwa huko na popote mnapotusikilizia. Mimi Issa, niko na dada yangu Somoe, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Leo hatuzunguki, kuna ujumbe umeingia tangu juzi. Mama mmoja anasema mwanae ana wiki sita, usiku kachemka sana, nyumbani kulikuwa na dawa mseto ya kaka yake imebaki, akakata nusu kidonge akakiponda na maji akampa, sasa anauliza amefanya vibaya?

SOMOE: Mama, pole sana. Na kama mtoto bado yuko nyumbani, acha kutusikiliza, mbebe nenda zahanati sasa hivi, sisi tupo tu utatukuta. Maana homa kwa mtoto wa chini ya miezi miwili si ya kubahatisha hata kidogo, inaweza ikawa malaria lakini inaweza ikawa maambukizi kwenye damu, au mapafu, na huwezi kujua kwa kumshika paji la uso, anatakiwa kupimwa.

ISSA: Na nusu kidonge?

SOMOE: Hapo ndo pana stori ndefu, na simlaumu huyo mama hata chembe, kwa sababu kwa miaka na miaka hata wataalam walikuwa wanafanya makadirio. Dawa mseto, ile ALu tuliyoanza kuitumia nchini 2006, kidonge chake kimepangwa kwa mtoto kuanzia kilo 5. Ikaja ya kuyeyuka kwenye maji 2009, tamu tamu kidogo, ikawa nafuu kubwa maana watoto walikuwa wanaitema ile chungu, lakini bado ni kilo 5 kwenda juu. Sasa mwenye kilo 3 na nusu, kilo 4, ye yuko wapi? Hayupo kwenye chati.

ISSA: Yani dunia nzima hakuna dawa yake?

SOMOE: Ilikuwa hakuna iliyoidhinishwa kwa ajili yake. Watu walikuwa wanajisemea kichanga hapati sana malaria, ana kinga ya mama yake, basi wakamuacha pembeni. Lakini wanapata kaka, mi nimewaona. Mpaka Julai 2025 ndo Uswisi wakaidhinisha dawa mseto ya vichanga, inaitwa Coartem Baby, ya watoto wa kilo 2 mpaka chini ya kilo 5. Na Tanzania ilikuwemo kwenye nchi 8 za Afrika zilizoshiriki kuipitia pale Uswisi.

ISSA: Sasa si wangekata tu kile kidonge vipande vidogo?

SOMOE: Swali zuri, na ndo swali la yule mama. Hapana. Ndani ya dawa mseto kuna dawa mbili, artemeta na lumefantrini, kwenye kidonge cha kawaida lumefantrini ni mara 6 ya artemeta. Walipowapima vichanga wakakuta artemeta inapanda mno kwenye damu yao, ini lao bado changa haliwezi kuisafisha kwa kasi ya mtoto mkubwa. Kwaiyo wakatengeneza kidonge kingine kabisa ambacho lumefantrini ni mara 12. Unaona? Ukikata kidonge unapunguza vyote viwili sawasawa, hesabu ya ndani inabaki ileile ya mtoto mkubwa. Na hiki kipya kinayeyuka hata kwenye maziwa ya mama aliyoyakamua, mtoto anapewa kwa kijiko.

ISSA: Dah, hiyo ya kukamulia maziwa imenigusa.

SOMOE: Mi ilinifurahisha kuliko zote, maana mtu alikaa akafikiria mama aliyeko kijijini ana nini mkononi. Ila naomba nieleweke, sijasema nendeni duka la dawa mkaulizie, mtoto wa umri huo anapimwa kwanza, mhudumu ndo anaamua apewe nini.

ISSA: Twende kwa hawa wakubwa kidogo. Kuna wazazi kipindi cha korosho wanahamia shamba, mtoto anashikwa na degedege huko usiku, bodaboda hakuna, watu wazima wanasema huyo sio wa hospitali apelekwe kwa mganga akafukizwe.

SOMOE: Hiyo inaniuma mpaka leo, maana namjua bibi anayesema hivyo anampenda mjukuu wake kuliko nafsi yake. Zamani huko sindano nazo hazikuwa na jibu zuri kila siku, watu waliona mtoto kapelekwa na karudi maiti. Lakini mambo yamebadilika kaka, na hili nataka babu na bibi walisikie. Malaria kali ilikuwa inatibiwa kwa kwinini, dripu masaa na masaa, sukari ya mtoto inashuka, ukichelewa kumpima sukari unampoteza huku dripu inaendelea. Ikafanyika kazi kubwa ya utafiti nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, watoto 5,425 wa malaria kali, wengine kwinini wengine sindano ya atesunati. Majibu yakatoka 2010. Waliopewa kwinini walifariki karibu 11 katika kila 100, wa atesunati 8 na nusu, yani vifo vimepungua kwa zaidi ya moja ya tano, na kushuka sukari kukapungua pia. Kwa kubadilisha dawa tu.

ISSA: Alafu hiyo haihitaji dripu?

SOMOE: Inachomwa kwenye mshipa au hata kwenye paja, ndo maana hata kituo kidogo kinaweza. Na kuna atesunati ya kuweka njia ya haja kubwa, hiyo ni ya kuokoa muda, mtoto hawezi kumeza, anatapika kila kitu au ana degedege, anawekewa pale pale zahanati, alafu SAFARI INAENDELEA. Narudia safari inaendelea, maana wengine wakiona mtoto kafumbua macho wanarudi nyumbani, kile sio dozi kamili, hospitali bado inamsubiri amalizie.

ISSA: Na mtu aliye shamba usiku afanyeje na degedege?

SOMOE: Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu chochote mpaka azinduke, mpunguzie nguo, na mtafute usafiri muda huo huo, usisubiri kukuche. Bibi kama anataka kumwombea amwombee njiani.

ISSA: Dada kuna kitu ulinigusia kabla hatujaanza kurekodi kuhusu watoto wa huku kwetu na utafiti, nilikuwa sijui kabisa.

SOMOE: Ndio, na inabidi tujivunie. Watafiti wa Ifakara, kule Morogoro, walijaribu kitu, mtoto akija chanjo wanampa na SP, ile dawa ya malaria wanayopewa wajawazito kliniki, kwa dozi yake, hata kama haumwi. Majibu ya 2001, malaria kwa wale watoto ikapungua kwa asilimia 59, na kuishiwa damu sana kukapungua nusu. Watu wakasema sawa, kwenye utafiti imefanya kazi, je kwenye zahanati za kawaida zenye foleni na mhudumu mmoja? Ndo wakaja kwetu. Lindi vijijini, Ruangwa, Nachingwea, Newala, Tandahimba, kuanzia 2005, manesi wetu wenyewe wakawa wanatoa siku ya kliniki.

ISSA: Mbona sasa hivi hatuioni?

SOMOE: Vimelea vilianza kuizoea SP, mashariki ya Afrika huku usugu ukawa mkubwa, ndo maana WHO, shirika la afya duniani, 2010 ilipoipendekeza ikasema ni kwa sehemu ambazo SP bado inafanya kazi. Inaumiza, ndio, lakini wazo lenyewe halijafa, 2022 wakalipanua, na njia ileile ya kumshika mtoto siku ya chanjo ndo hiyo hiyo chanjo za malaria zimepitia.

ISSA: Enhe, chanjo, watu wanauliza kila siku.

SOMOE: Zipo mbili. RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,460 nchi 7, kwetu ilikuwa Bagamoyo na Korogwe, WHO wakaipitisha Oktoba 2021. Ya pili R21, nayo Bagamoyo walikuwemo, ikapitishwa Oktoba 2023. Zote dozi 4, na ya nne inakuja baadae sana wazazi wanaisahau. Kule Ghana, Kenya na Malawi walikoanza nayo 2019, vifo vya watoto walio kwenye umri wa kuchanjwa vilipungua asilimia 13, hapo unahesabu vifo vya kila ugonjwa sio malaria peke yake. Kwangu mimi hiyo ni kubwa mno. Ila haizuii malaria yote, mtoto aliyechanjwa akichemka anapimwa kama mwingine.

ISSA: Na chandarua analala.

SOMOE: Analala! Na hapo nina neno na wazazi wa huku. Mikoa yetu, Lindi, Mtwara na Ruvuma, ndo ilianza kugawiwa vyandarua kupitia shule 2013, mwanafunzi anakuja nacho nyumbani. Sasa napita nyumba nakuta chandarua kipya kinatumika kufunika vifaranga, au anacho kaka mkubwa chumbani kwake, na mdogo wa miezi minne yuko na mama kwenye kile cha zamani kimetoboka kote. Kama ni kimoja tu kizuri ndani ya nyumba, ni cha mdogo na mama yake.

ISSA: Na wakihamia shamba?

SOMOE: Kinafungashwa kwanza, kabla ya sufuria. Kibandani hakuna pa kufungia, chomeka miti minne pembeni ya mkeka, funga kamba, chomeka pindo chini ya mkeka pande zote. Na kabla hujaondoka nyumbani uliza zahanati ya karibu na shamba ni ipi na mtu akitembea anafika kwa masaa mangapi, na kadi ya kliniki iingie kwenye mzigo.