Baraza lao wenyewe: wanawake wa Kiigbo, uongozi na ujenzi wa jamii

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Nimeombwa kuzungumzia namna wanawake wa Kiigbo, wa kusini-mashariki mwa Nigeria, wanavyogawana uongozi na wanaume na kushirikiana nao katika kuendeleza jamii zao. Naomba nianze na neno "kushirikisha", kwa sababu tumelitumia mpaka likachujuka. Mara nyingi maana yake kwetu ni kumwita mwanamke kwenye kikao chenye mwenyekiti, katibu na ajenda tayari, kumpa kiti cha pembeni, kisha kuandika katika taarifa kwamba wanawake wameshirikishwa. Waigbo wa zamani hawakulipanga jambo hili hivyo. Mwanamke hakualikwa katika baraza la wanaume. Alikuwa na baraza lake, mfuko wake na adhabu zake, na lilipozuka la kuzungumza, pande mbili zilikutana kila mmoja akiwa na wenzake nyuma yake. Tofauti hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo.

Mwanasosholojia Kamene Okonjo, katika makala aliyoitoa mwaka 1976, aliueleza utaratibu huo kuwa ni mfumo wa siasa wa jinsia mbili. Alikuwa akiwaangalia zaidi Waigbo wa magharibi ya mto Niger, ambako baadhi ya miji ilikuwa na Obi, mtawala mwanamume, na Omu, mtawala mwanamke. Omu hakuwa mke wa Obi, wala cheo chake hakikutokana na kuwa na uhusiano naye. Jambo hili nalisisitiza kwa kuwa neno "malkia" hutupeleka moja kwa moja kwenye ndoa. Alikuwa na washauri wake, walioitwa ilogo, na shughuli yake kubwa ilikuwa soko: bei za bidhaa, nidhamu ya wauzaji na usuluhishi wa ugomvi wao. Okonjo mwenyewe alikuwa mtu wa Ogwashi-Uku, upande huohuo wa magharibi ya Niger, na binti yake ni Ngozi Okonjo-Iweala, anayeliongoza Shirika la Biashara Duniani tangu Machi 2021. Sijengi hoja ya kisayansi juu ya hilo, lakini mtu akiniambia kwamba mwanamke wa Kiigbo kusimamia kanuni za soko ni jambo geni, nitamwomba asome kidogo.

Mashariki ya mto, sehemu kubwa ya Waigbo hawakuwa na wafalme kabisa, na huko mamlaka ya wanawake yalikaa katika vyombo viwili. Kimoja ni umuada, yaani mabinti wa ukoo, walioolewa na wasioolewa, ambao hata wakiwa wameolewa vijiji vya mbali huendelea kuwa na sauti nyumbani kwao. Hurudi kwenye misiba, husuluhisha ndugu waliogombania ardhi, na kaka zao huwaogopa. Cha pili ni inyomdi, wake walioolewa katika kijiji. Kwa hiyo mwanamke mmoja ni binti mwenye amri kwao na ni mke mwenye wenzake kwa mumewe, na katika kila upande ana kundi la kumsemea.

Msingi wa haya yote ulikuwa mali. Juma la Kiigbo lina siku nne, Eke, Orie, Afor na Nkwo, na masoko yamepewa majina ya siku hizo. Aliyetawala siku hizo sokoni alikuwa mwanamke. Kiazi kikuu kilihesabiwa zao la mwanamume, muhogo ukawa wa mwanamke. Michikichi ilipokamuliwa, mafuta yalikwenda kwa mume, na kokwa zilizobaki zilikuwa za mke, azipasue na kuziuza kwa faida yake mwenyewe. Mwenye kipato asichokiombea ruhusa hukaa kikaoni kwa namna nyingine. Vikao hivyo vya wanawake viliitwa mikiri, na huko ndiko walikoweka kanuni za soko na za mazao, kama vile mbuzi wa mtu kula shamba la mwenzake, au mume anayempiga mkewe kupita kiasi.

Aliyepuuza kanuni hizo walimwendea. Watafiti wameyaandika haya kwa maneno ya "kumkalia mtu", lakini sisi tuna neno la karibu zaidi: kumsuta. Wanawake walikusanyika uani kwake, mara nyingine usiku, wakiwa na michi mikononi, wakaimba nyimbo za kumfedhehesha, wakagonga kuta za nyumba yake, na mkaidi aliweza hata kubomolewa kibanda. Hawakuondoka mpaka aombe radhi. Tofauti na kusutana kwa mitaa yetu, ambako mara nyingi ni ugomvi wa watu wawili na mashoga zao, hii ilikuwa hukumu ya chombo kinachotambulika, na wanaume wengine hawakuingilia.

Utawala wa Waingereza haukukiona chombo hicho. Ulitafuta machifu, na pale ambapo hawakuwapo uliwatengeneza: mwanamume alipewa hati, akapewa kofia, akaitwa chifu wa watu ambao hawakuwahi kumchagua. Mwaka 1928 wanaume walianza kutozwa kodi baada ya kuhesabiwa kwa kisingizio cha sensa, na mwaka uliofuata, huku bei ya mafuta ya mawese ikishuka, machifu wakaagizwa kuhesabu upya. Mwezi Novemba 1929, huko Oloko, Chifu Okugo alimtuma mwalimu aitwaye Mark Emereuwa kuhesabu kaya. Alimkuta mama mmoja, Nwanyeruwa, akikamua mafuta, akamtaka ahesabu mbuzi, kondoo na watu wake. Nwanyeruwa alimuuliza mwalimu huyo kama mama yake mzazi naye alihesabiwa. Wakakabana shingo, na Nwanyeruwa akaenda moja kwa moja kwa wanawake wenzake, ambao walikuwa tayari wanakutana kujadili tetesi kwamba wanawake nao watatozwa kodi.

Ninawaomba mtazame kilichofuata kwa jicho la mpangaji, si la mpenda vituko. Kuti la mchikichi lilipelekwa kutoka kijiji hadi kijiji kama ishara ya wito, na kila aliyelipokea alilipeleka mbele. Maelfu ya wanawake wakafika Oloko, wakamkalia Okugo, wakadai kofia yake ya uchifu. Alishtakiwa na kufungwa miaka miwili. Harakati ikasambaa katika majimbo ya Owerri na Calabar, wakashiriki pia wanawake wa Kiibibio na wengineo, mahakama za wenyeji zikabomolewa na kuchomwa moto. Kabla ya mwaka kwisha, askari na polisi walikuwa wamewapiga risasi na kuwaua wanawake zaidi ya 50. Serikali iliita tukio hilo ghasia za Aba. Waliopigana waliita Ogu Umunwanyi, Vita vya Wanawake, na nadhani wao ndio waliojua walichokuwa wakifanya, kwa maana hakuna ghasia inayotuma matawi ya wito kwa mpangilio ule.

Machifu wa hati waliondolewa katika mageuzi yaliyofuata, na katika maeneo machache mwanamke aliingia katika mabaraza ya mahakama. Lakini kusuta kulihesabiwa ni kujichukulia sheria mkononi, na mikiri haikupewa nafasi yoyote kisheria. Wanawake walishinda vita, baraza lao likabaki bila mlango serikalini.

Kilichopo leo, na ambacho wengi wenu mtakuwa mmekisikia, ni mkutano wa Agosti. Kila mwaka mwezi huo wanawake wanaoishi Lagos, Abuja, Port Harcourt, na hata ng'ambo, hurudi katika vijiji vya waume zao, wakakutana na waliobaki kwa siku kadhaa, kila kundi katika sare yake ya kitenge. Michango husomwa kwa sauti, asiyefika hutozwa faini, na fedha zinazopatikana hujenga zahanati, madarasa, visima, vibanda vya soko. Wana pia isusu, ambayo sisi tungeiita upatu. Wapo wanaolalamika kwamba mkutano umegeuka mashindano ya vitenge na kwamba wengine hukopa ili wasiaibike. Lalamiko hilo lina ukweli, ila sijawahi kusikia mtu akipendekeza zahanati zirudishwe.

Swali langu ni jingine: nani anaamua zahanati ijengwe wapi? Juu ya mikutano hii kuna chama cha maendeleo cha mji, na kwa kawaida rais wake ni mwanamume. Wanawake huwasilisha mradi, chama huupitisha. Ubia wa namna hiyo umekaribia mno kuwa uchangishaji. Tusiwafanye wanawake malaika, kwani masharti mengi ya kumdhalilisha mjane yamesimamiwa na umuada wenyewe, dada wa marehemu, na mamlaka waliyonayo ndiyo yaliyowawezesha kuyasimamia. Panapo mikutano ya Agosti iliyopigia kura masharti hayo yalegezwe, ni baraza la wanawake lililojirekebisha lenyewe.

Na kuna suala la ardhi. Kwa mila, binti hakurithi kwa baba yake, na kwa mumewe ni mgeni aliyeolewa. Mama huyohuyo anaweza kuwa amechangia kisima katika kijiji kimoja na kura ya umuada katika kingine, bila kumiliki ardhi katika chochote. Mwezi Aprili 2014, katika kesi ya urithi ya familia ya Ukeje, Mahakama ya Juu ya Nigeria iliamua kwamba mila ya Kiigbo inayomnyima binti urithi inapingana na katiba. Marehemu ambaye mali yake iligombaniwa alifariki mwaka 1981, zaidi ya miaka thelathini kabla ya hukumu hiyo.

Hukumu huandikwa mjini, na mila hukaa sebuleni. Mgeni akifika nyumbani kwa Waigbo huletewa kola, kokwa chungu ya kutafuna, na mzee huiombea na kuivunja. Mwanamke anaweza kuinunua, kuiosha na kuileta katika sahani, ila mila haimruhusu kuivunja. Hata pale ambapo wote waliokaa ni wanawake, mahali pengi bado huitwa mvulana aliye karibu, ahesabiwe kuwa ndiye mwanamume wa shughuli. Huacha mchezo wake, huingia, huivunja kola, kisha huondoka, na wale akina mama huendelea kuhesabu fedha za zahanati.