Kuna mwenyewe ndani?

Asalaam aleikum, habari za jioni ndugu zangu. Wengi hapa mshanisikia kwa jambo hili la kupangisha wageni vyumba na nyumba kwa siku chache, na wapo waliokuja wakijua kabisa ntaanzia wapi, basi naanzia papo hapo, kwa bibi yangu Lamu.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya mawe, zile za mji wa kale, na anayezijua anajua ukishapita daka, kile kibaraza cha mlangoni, kuna chumba cha wageni kinaitwa sabule, kiko kivyake, mgeni anaingia anatoka bila kukutana na watu wa ndani. Hakikuwekwa kwa urembo. Mfanyabiashara alikuwa anakuja na kaskazi anangoja kusi ndo arudi kwao, hiyo ni miezi, atalala wapi miezi yote hiyo? Analala kwa mtu. Kwa hivyo waliojenga walimhesabu mgeni tangu msingi unachimbwa.

Sasa bibi akipangisha ile sabule. Mara mwalimu aliyehamishiwa huko, mara muuza nguo kutoka Pate, mara mzungu na begi lake la mgongoni. Ukija unapiga hodi, unaulizwa watoka wapi, wamjua nani hapa mjini, utakaa siku ngapi, na jina lako linaandikwa kwenye daftari, mwandishi nilikuwa mimi nina miaka tisa. Saa nne usiku mlango unatiwa komeo. Kuna kijana mmoja alirudi saa sita na wenzake watatu, bibi akafungua dirisha la juu akamwambia, "Wewe nakujua, hao siwajui." Wale watatu wakaenda kutafuta pengine pa kulala! Na kabla ya chai ya asubuhi majirani wote walikuwa na habari, na yule kijana hakurudia tena mpaka anaondoka. Hapakuwa na kamera wala askari wa getini, palikuwa na mtu analala humo humo ndani, mwenye jina lake mtaani na anayeona haya mbele ya majirani.

Ndo maana nachoka, nasema wazi nachoka, nikisikia watu wanataja "Airbnb", hizi nyumba za wageni wa siku chache zinazotafutwa kwenye mtandao, kama kitu kimoja. Kuna fleti pale Nyali, mwenyewe yuko Nairobi ama Dubai, ufunguo uko kwenye kisanduku cha namba mlangoni, mgeni anaingia Ijumaa anatoka Jumapili na hakuna binadamu aliyemuona uso. Halafu kuna mama hapa Mji wa Kale, Mombasa, watoto washaolewa washaondoka, ana chumba kimoja kiko tupu na yeye analala chumba cha pili. Mnawatungiaje hawa wawili sheria moja?

Najua kuna atakayeniuliza, na wale wasichana je? Ni swali la haki. Januari 2024 wasichana wawili waliuawa Nairobi kwenye fleti za kupangisha kwa siku, nchi ikalia, tarehe 27 watu wakajaa barabarani kuandamana, na serikali ikasema nyumba hizi zote lazima zisajiliwe na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Mi naunga mkono usajili, sijawahi kuupinga hata siku moja. Ninachouliza ni kwamba ukishaandika kila mtu kwenye orodha moja, umejua nini? Umejua nyumba iko wapi. Hujajua kama usiku ule kuna mtu wa kusikia kelele.

Jirani yangu, mjane, alienda ofisi moja kuomba leseni ya chumba chake kimoja. Alienda kwa hiari yake, hakusukumwa na mtu. Akapewa fomu inauliza jina la meneja, idadi ya wafanyakazi, mapokezi yako ghorofa ya ngapi. Akanijia nayo mkononi, "Mwanangu, niandike nini hapa?" Nikakosa la kumwambia. Akarudi nyumbani bila leseni na chumba anapangisha mpaka leo, kimyakimya, anaogopa kila anayebisha. Ndo tumemfanya mvunja sheria hivyo, mama wa watu aliyetoka mwenyewe kutafuta sheria.

Na wenzetu huko nje washajaribu, tuangalie. Barcelona mwaka 2021 walikataza kupangisha chumba ndani ya nyumba yako kwa chini ya siku 31, huku fleti nzima zenye leseni zikiendelea na biashara. Yaani walimfukuza bibi wakabakisha kisanduku! Mwaka 2024 meya wao akatangaza leseni za zile fleti, zaidi ya 10,000, hazitaongezwa zikiisha 2028. New York wakaenda njia nyingine, sheria yao ilianza kutekelezwa Septemba 2023, na inasema kwa mgeni wa chini ya siku 30 mwenye nyumba awe yupo, wageni wasizidi wawili, na usajiliwe na jiji. Hapo sawasawa, ndo bibi huyo.

Lakini msije mkabeba yote. New York pia wanasema mgeni asifungiwe milango ya ndani, nyumba yote iwe wazi kwake. Hapa kwetu haitafaa na haitafuatwa, nyumba zetu zina stara, kuna wanawake ndani, sabule ina mlango wake kwa sababu. Atakayeandika sheria ya Mombasa ama Lamu aingie kwanza kwenye nyumba yenyewe, avue viatu, aone.

Na nisiambiwe eti hili ni la serikali kuu kule Nairobi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, leseni za biashara na utalii wa mashinani zimewekwa kaunti. Kaunti inaweza kuanza hata kesho.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, haya nafupisha. Ushuru, huyu mwenye chumba kimoja ndio alipe, ila iwe ada ndogo ya mwaka anayoilipa kwa simu, msimdai vitabu vya hesabu kama hoteli. Moto na maji machafu, akaguliwe mara moja, nyumba za mawe zina nyaya kuukuu na hilo nalihofia kweli.

Ninachoomba kwa wawakilishi wa wadi waliokaa pale mbele ni swali moja tu juu kabisa ya fomu, kabla ya hayo ya meneja na mapokezi: mwenye nyumba analala humu? Akijibu ndio, mpeni karatasi moja ajaze aondoke nayo siku hiyo hiyo. Akijibu hapana, haya, mleteeni fomu yenu ndefu.