Kuku wa kwenye boksi na sahani ya mama ntilie

ZAI: Haya jamani karibuni tena, mi Zai.

RAMA: Na mi Rama. Shikamoo da Zai.

ZAI: Marahaba mdogo wangu. Leo sizunguki, nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili hii. Nlimtoa mama out, siku yake ya kuzaliwa, nikasema leo hapiki mtu, nampeleka kwenye mgahawa wa hizi brandi kubwa zenye matawi kila nchi, jina sitaji, kiyoyozi, viti vizuri, kila kitu kinang'aa. Sasa mama ana presha, daktari kamwambia apunguze chumvi. Nafika kaunta namwambia yule binti naomba chips zisizo na chumvi na kuku asiye na viungo vingi, binti wa watu mpole kabisa ananambia dada kuku anakuja kashakolezwa, na chips tunazitia chumvi zote kwa pamoja, kwenye mashine hamna pa kubonyeza bila chumvi. Nikamwambia si unikaangie kidogo tu pembeni? Akamwita meneja, meneja naye akasema utaratibu hauruhusu.

RAMA: Mama akala nini?

ZAI: Kabichi na maji. Siku yake ya kuzaliwa mama yangu kala kabichi na maji, na mi nimelipa zaidi ya elfu arobaini. Akanambia mwanangu usijali, hapa pametulia, pazuri. Roho imeniuma mpaka leo Rama. Na yule binti simlaumu hata kidogo, angekaanga hizo chips pembeni angepata matatizo kazini.

RAMA: Pole sana dada, na mpe mama pole yake. Na hapo umegusa penyewe, maana hizi brandi kitu zinachouza hasa sio kuku, ni kufanana. Ukila Dar, ukila Nairobi, ukila Dubai, ni kile kile, na zamani hiyo ndo ilikuwa nguvu yao. Chukulia Marekani, sheria ya zile barabara kuu zao imepita 1956, watu wananunua magari wanasafiri mbali, mtu anafika mji hamjui yeyote, njaa inamuuma, akiona bango analolijua anashusha pumzi, anajua atakula nini, itakuwa shi ngapi na tumbo halitamsumbua. Yaani wale walikuwa wanauza kuondoa wasiwasi.

ZAI: Na mtu na watoto kwenye gari usiku, unahitaji hicho kitu kweli.

RAMA: Unahitaji sana! Lakini sa hivi nikienda Tanga sijui mtu, natoa simu, naona picha za sahani, naona watu wanasema pale kwa fulani samaki wake hatari, naenda moja kwa moja. Ule wasiwasi umeisha, sasa kama wasiwasi umeisha mi ule mfanano naulipia wa nini?

ZAI: Mi nlidhani ni bei tu.

RAMA: Bei ipo na ni kubwa, tutafika. Ila ngoja nikupe la Kenya kwanza maana lile lilinifundisha. KFC, ile brandi ya kuku ya Marekani, waliingia Kenya 2011, wakapendwa, watu foleni. Sasa Januari 2022 wakatangaza chips zimeisha.

ZAI: Chips ziishe Kenya?

RAMA: Kenya hiyo hiyo da Zai! Viazi Kenya ni zao la chakula la pili baada ya mahindi, Nyandarua huko, Meru, gunia kwa gunia, mkulima wa shangi, ile aina ya viazi vyao, analia soko hakuna. Kumbe zile chips zilikuwa zinaagizwa nje, meli zikachelewa kwa mambo ya korona, zikakata. Watu wakauliza si mnunue hapo hapo? Jibu likawa wasambazaji wote lazima wapite kwenye ukaguzi wa ubora wa kampuni dunia nzima, huwezi kuuruka. Wakenya wakawaka mitandaoni, wakaanzisha kampeni ya kususia, ikawa moto mpaka kampuni ikasema itaanza kufanya kazi na wakulima wa ndani.

ZAI: Yaani kiazi kiko nje ya mlango.

RAMA: Kiko nje ya mlango, na mama wa kibandaski pembeni anakaanga kama kawaida, maana yeye kiazi cha asubuhi kakinunua sokoni asubuhi. Na tuwe wakweli, zile sheria za ubora sio upuuzi, kiazi chenye sukari nyingi ukikikaanga kinakuwa cheusi, wao wanataka kiazi cha aina fulani chenye ukavu fulani. Lakini mfumo ambao hauwezi kununua kiazi katikati ya nchi ya viazi, huo mfumo una ugonjwa. Ni ule ule ulioshindwa kumkaangia mama yako chips bila chumvi.

ZAI: Umenigusa. Haya hiyo bei sasa.

RAMA: Bei, kwanza kuna kitu wengi hatukioni. Tawi la brandi mara nyingi linamilikiwa na mtu mwingine, kanunua haki ya kutumia jina, wanaita franchaizi. Huyo kila mwezi anatoa asilimia ya mauzo, sikia vizuri, ya mauzo sio ya faida, anapeleka kwa mwenye jina. McDonald's Marekani kwa muda mrefu ilikuwa asilimia 4, kuanzia Januari 2024 kwa migahawa mipya wakapandisha ikawa 5. Hapo bado pesa ya matangazo, bado kodi ya jengo. Sasa na wewe mlaji ukikaa pale unakula kuku, unalipa na jina.

ZAI: Na pale ninapokula mimi mchana, wali maharage na mchicha ni buku mbili na jero, nikiongeza samaki inapanda kidogo, na hela yote inabaki mtaani, inaenda kwa muuza mkaa, muuza nyanya, ada ya mtoto.

RAMA: Hapo hapo. Afu kuna kisa cha Red Lobster, hiki naomba nikisimulie taratibu maana watu wengi walikielewa vibaya. Ni mgahawa wa vyakula vya baharini, ulianza 1968 kule Lakeland, Florida, familia za kipato cha kati, mtu akipandishwa cheo anapeleka watoto pale. Mei 2024 wakaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika, yaani wanaowadai wazuiwe kwanza wakati wao wanajipanga, na dunia nzima ikacheka ikasema wameuliwa na kamba.

ZAI: Kamba wa baharini?

RAMA: Ee, walikuwa na ofa ya kula kamba mpaka ushibe, zamani ilikuwa ya msimu tu, 2023 wakaifanya ya kudumu kwa dola 20, watu wakakaa mezani masaa, wakapata hasara ya dola milioni 11. Ni kweli ilitokea. Lakini rudi nyuma mpaka 2014, mgahawa uliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji, Golden Gate Capital, dola bilioni 2.1. Na wale ili wapate hiyo hela wakauza ardhi na majengo, karibia migahawa 500, kwa bilioni 1.5.

ZAI: Ngoja ngoja. Waliuza majengo ambayo wanapikia humo?

RAMA: Humo humo! Afu wakawa wapangaji kwenye nyumba iliyokuwa yao, kodi kila mwezi, na baadae ikaja kusemwa mahakamani kwamba kodi za matawi mengine zilikuwa juu kuliko bei ya soko. Sasa mgahawa uliokuwa unakaa bure kwenye ardhi yake unaanza kubana, unabana kwenye samaki, unabana wahudumu, unabana usafi wa zulia, na mteja anaona tu chakula sio kile. Hakuna mteja aliyekaa chini akasema leo naacha Red Lobster, aliacha kidogo kidogo. Na TGI Fridays, wa tangu 1965 New York, nao wakaomba ulinzi wa kufilisika Novemba mwaka huo huo 2024.

ZAI: Kwa hiyo aliyeua hakuwa jikoni kabisa.

RAMA: Hakuwa jikoni. Na ujue aliyekabidhiwa kuiinua Red Lobster ni kijana mzaliwa wa Nigeria, Damola Adamolekun, alikuwa na miaka 35 alipopewa ukurugenzi 2024. Mi namuombea afanikiwe kabisa, maelfu ya watu wana kazi pale.

ZAI: Amina. Lakini tusije tukasema ni wazungu tu. Java House ya Nairobi ni yetu huku Afrika Mashariki, imeanza 1999 pale Adams Arcade, duka la kahawa, watu wakaipenda kwa sababu ilikuwa sehemu moja yenye watu wake. Ikakua, 2017 ikanunuliwa na Abraaj, kampuni ya uwekezaji, mwaka uliofuata Abraaj yenyewe ikaanguka, 2019 wakachukua Actis, nao wawekezaji. Sisemi kahawa ni mbaya, nikiwa Nairobi naingia. Nachosema ni kwamba umiliki ukishaanza kuhama hama mikono kwenye mafaili, anayekunywa kahawa na anayeamua kuhusu kahawa hawaonani tena.

RAMA: Sentensi hiyo nakupa dada.

ZAI: Sasa nije kwenye hili la mama ntilie maana ndo moyo wangu ulipo. Jina lenyewe lilivyo, ni mama nitilie, mama nitilie mchuzi, mama nitilie kidogo. Serikali ikasema mama lishe, sawa, la heshima, ila mi nalipenda lile la zamani maana ndani yake kuna watu wawili, anayeomba na anayetia. Hakuna mashine katikati. Unamwambia nusu wali nusu ugali, anakupa. Unamwambia leo tumbo haliko sawa anakwambia basi usile maharage, kunywa supu. Juzi nimempeleka mama Magomeni kwa kijana wa chips, nikamwambia bila chumvi, kijana wala hakushangaa, kachota zake kabla hajanyunyizia chumvi, kapiga mayai mawili, zege hilo mama kamaliza lote. Akatuuliza bi mkubwa ana presha? Kumbe na mama yake anayo.

RAMA: Daah.

ZAI: Dakika tano Rama. Nlitaka kulia pale pale.

RAMA: Mi kuna mama mmoja pale Sinza, mwaka niliokosa kazi, miezi mitatu, alinilisha kwa daftari. Hakuniuliza lini utalipa, alikuwa anaandika tu tarehe na nilichokula. Na nilipopata kazi nimelipa yote na nimeendelea kula kwake. Nitajie brandi moja duniani yenye daftari la hivyo.

ZAI: Haipo. Ila nikutege kidogo, maana wasikilizaji wetu wanaandika na wana hoja. Dada mmoja ametuma sauti anasema yeye anapeleka watoto kwenye brandi sababu moja tu, choo. Kuna choo safi, kuna maji ya kunawa, mtoto hachezei barabarani. Na huyo hajakosea.

RAMA: Hajakosea kabisa, na hili lazima tulizungumze kwa uzito. Uchafu sio utamaduni wetu, tusije tukautetea. Lakini mama atapata wapi bomba wakati hajui kesho atakuwa wapi? 2021 machinga walivyohamishwa barabarani na mama lishe wengi waliondoka nao, mtu kakaa sehemu miaka kumi, wateja wanamjua, asubuhi moja hayupo. Sasa nani atajenga choo, nani atavuta maji sehemu ambayo anaweza kuambiwa toka? Mpe sehemu ya kudumu, mpe bomba, uone kama hatapiga vigae.

ZAI: Na moto pia. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034, vizuri sana, mi nimeona macho ya hawa mama yalivyo mekundu kwa moshi. Lakini mtungi wa gesi wa kwanza ukishaisha, kuujaza ni hela ya mara moja, na mkaa ananunua wa kopo. Wa kopo unaendana na hela ya siku. Kama gesi nayo haitauzwa kwa kupimiwa kidogo kidogo, kwa bei ya kopo, wengi watarudi kwenye mkaa, sio kwa ubishi, kwa hesabu.

RAMA: Hesabu ya siku, ndo wanayoiishi.

ZAI: Afu kitu kingine, nakiona kwa vijana wa ofisini kwetu. Zamani ukitaka kuonekana umefanikiwa unapiga picha na lile boksi. Sa hivi wanapiga picha na ndizi nyama kwenye sahani ya bati, wanaelekezana, kuna mzee Temeke ana pweza, kuna dada Mwananyamala ana mihogo ya nazi. Zinafunguliwa brandi mpya bado, tusidanganye watu, na zinajaa, hasa wikiendi. Ila ile hadhi imeshuka. Mtoto wa dada yangu nlimuuliza tukale wapi, kanitajia kibanda cha mishkaki, na yule ana miaka 12.

RAMA: Na pale kwenye mishkaki anasalimia watu. Mtoto anajifunza shikamoo pale, anaulizwa mtoto wa nani wewe. Lakini umenikumbusha huyu mama yangu wa Sinza, sijamaliza. Naye alikuwa kwenye lile hamahama. Nimefika siku moja mchana, pale pameshafagiliwa, hakuna benchi, hakuna jiko, hakuna anayejua kaenda wapi. Nikauliza bodaboda, nikauliza fundi viatu, hakuna. Nikarudi ofisini na njaa, na kusema kweli na huzuni.

ZAI: Hukuwa na namba yake?

RAMA: Siku zote nlikuwa naenda tu, namba ya nini? Usiku nimelala nikakumbuka kuna siku sikuwa na keshi, nililipa kwa simu. Nikaanza kutafuta kwenye meseji za miamala, nashuka nashuka, miezi, nikaikuta, jina lake kamili ambalo mi nlikuwa hata silijui, na shilingi elfu mbili. Asubuhi nikapiga. Akapokea, nikasema mama ni Rama, akanyamaza kidogo afu akasema mwanangu niko huku nyuma ya gereji, pamejificha, watu hawapajui, leo nina mlenda na dagaa.

ZAI: Ukaenda?

RAMA: Nilienda na watu sita.