Nyumba Imeshajengwa, Waya wa Intaneti Unapita Wapi?

Mbukwenyi! Haya asanteni, wa mbele ndo mmeitikia, huko nyuma naona bado mnamalizia chai, sawa tu. Wazee wangu shikamooni.

Nimeombwa niongee na mafundi umeme pamoja na wenye nyumba kuhusu kuvuta waya wa intaneti kwenye nyumba ambayo watu tayari wanakaa, yani siyo ile iliyoko kwenye ramani, hii ambayo rangi imeshapigwa, jipsamu imeshafungwa na mama mwenye nyumba kasimama mlangoni anaviangalia viatu vyako.

Kwa nini kazi hizi zimekuwa nyingi hapa Dodoma mnajua wenyewe. Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa nguvu 2016 watu wakajenga, Kisasa, Ilazo, Nkuhungu, Nzuguni, wakajenga haraka haraka, umeme wakaukumbuka, intaneti wakasema aah waifai si ipo. Ruta, kile kiboksi kinachorusha waifai, ikawekwa sebuleni nyuma ya tivii, mtoto anasomea chumba cha mwisho wa korido, katikati hapo kuna kuta tatu za block. Masafa ya waifai ya 5 GHz ndo yenye kasi ila ukuta wa block unayamaliza mapema, ya 2.4 GHz yanajitahidi kupenya lakini hayo mnagombania na mtaa mzima. Kwahiyo mtu ananunua kifurushi kikubwa zaidi, halafu chumbani mambo yako vilevile, anaanza kuilaumu kampuni.

Sasa fundi anaitwa, anafika na boksi la waya begani. Jamani boksi likae kwanza kwenye bajaji! Ingia mikono mitupu, tembea nyumba nzima, uliza nani anakaa wapi na anafanya nini. Baba anafanyia kazi za ofisi kwenye meza ya chakula au ana chumba? Tivii itabaki hapo au wanasubiri sofa mpya zije waihamishe? Kamera za nje zinakuja lini? Mi natembea na daftari la hesabu lile la vimiraba, kimiraba kimoja nusu mita, nachora kuta, milango, tundu la kupandia darini, na paipu zozote ninazoziona. Nusu saa hiyo watu wanaona unawapotezea muda, we chora tu.

Niwaambie kilichonikuta Area C. Nilipima kwa hatua chini sakafuni, mita 14 toka ilipo ruta mpaka chumbani, nikakata mita 18 nikajiona nimezidisha sana. Nimesahau waya haulali sakafuni! Unapanda mita mbili na nusu kufika darini, kule juu unakwepa mbao na tenki, halafu unashuka tena mita mbili na nusu. Ulinipungukia mita moja na nusu, niko juu ya dari saa saba mchana, chini ya bati la Dodoma, Mungu anisamehe nilivyoongea. Nikavuta mwingine upya maana kuunga waya katikati ya dari ni kumtegea fundi atakayekuja baada yako. Toka siku ile sikati kabla, natoa moja kwa moja kwenye boksi, nikishafika kule na kubakiza mita mbili hivi za kukunja ndo nakata. Boksi zima lina mita 305 na waya wa kudumu, yani ule unaobaki darini na ukutani, unaruhusiwa kwenda mpaka mita 90, kwa nyumba ya kawaida huwezi kufika huko, kwahiyo ubahili wa mita moja hauna maana. Na darini panda alfajiri.

Kinachosumbua watu zaidi ni kushuka. Vijana mnaangalia video za Wamarekani, jamaa anatoboa tundu juu, anadondosha waya ndani ya ukuta, anaudaka chini anacheka. Kwao ukuta mwingi wa ndani ni mbao na bodi, katikati uwazi. Wa kwetu ni tofali limejaa, na hapo juu ya mlango kuna lenta ina zege na nondo, drili yako itaungua na ukuta utakuangalia tu. Kwahiyo swali la kwanza ukiingia chumba chochote, je kuna paipu tayari? Nyumba nyingi paipu ya antena ipo, imelala tu tangu watu wahamie kwenye ving'amuzi vya dishi, wengine wameifunika na kalenda. Ule waya wa zamani wa antena usiung'oe kwa hasira, huo ndo kamba yako, funga waya mpya nyuma yake kwa selotepu ya umeme, mmoja avute chini mwingine alishe juu taratibu, na kama unagoma weka sabuni kidogo ya maji.

Paipu ikikosekana mi nashukia ndani ya kabati la nguo la ukutani, au kwenye pembe nyuma ya mlango na tranki nyembamba nyeupe, ule mfereji wa plastiki wa kufichia waya, mwenye nyumba akishapiga rangi ya ukuta juu yake baada ya mwezi hata yeye haioni. Kupasua ukuta na grinda ni mwisho kabisa, vumbi lake litakaa kwenye mapazia mpaka Krismasi. Na msinipitishie waya wa intaneti kwenye paipu ya umeme eti kuna nafasi! Mle kuna volti 230, siyo mle. Hata darini ukienda sambamba na waya wa umeme acha kama sentimita 30, mkikutana vukeni kwa msalaba.

Pale waya zote zinapokutania, usipeleke darini, vifaa vitaiva. Weka stoo au kabati la korido lenye hewa, penye soketi ya umeme na nafasi ya UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Kila chumba peleka waya mbili hata kama wameomba moja, jasho la kupanda ni lile lile. Waya wa daraja la Cat6 unatosha. Ila kwangua ncha na wembe kabla ya kulipa, ndani ikiwa nyeupe hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba, rudisha, hasa kama kamera zitapata umeme kwa waya huohuo maana unapoteza umeme njiani na unakatika ovyo.

Mzee pale kauliza swali zuri, ana banda la uani la wapangaji, mita 25 toka nyumba kubwa, apitishe waya juu kwa juu? Hapana mzee wangu. Jua la hapa linapasua ganda la waya wa ndani, na masika haya na radi zake, waya wa shaba ukiunganisha nyumba mbili, radi ikipiga karibu inaweza kuondoka na vifaa vya pande zote. Chimba, laza paipu ya inchi moja, pitisha faiba isiyo na chuma ndani, ile inapitisha intaneti kwa mwanga, ni kioo, umeme haipitishi. Acha na kamba ya akiba humo ndani ya paipu. Na kabla hujafukia simama mwanzo wa mtaro upige picha na simu, ukuta uonekane na futi kamba ionekane, kwa sababu mwakani, mzee wangu nakujua, utataka kuchimba shimo la mzabibu papo hapo.