Sharti Likikazwa, Bajeti Ikapanda: Hesabu ya SNAP

KASSIM: Leo tuko Marekani, kwenye SNAP, msaada wao wa chakula. Mwaka 2023 Bunge lilikaza masharti ya kazi, kisha CBO, ofisi ya bajeti ya Bunge hilohilo, ikakadiria matumizi yatapanda dola bilioni 2.1 hadi 2033. Dada Zuhura, imekuwaje?

ZUHURA: Watu walitazama umri tu. Tangu 1996, mtu wa miaka 18 hadi 49 asiye na ulemavu wala mtoto wa kumlea, asipofikisha saa 80 za kazi au mafunzo kwa mwezi, hupata msaada miezi 3 tu katika kila 36. Mwaka 2023 umri ukasogezwa hadi 54. Hilo peke yake lilihesabiwa kuokoa bilioni 6.5.

KASSIM: Zikaliwa na nini?

ZUHURA: Misamaha. Wasio na makazi, wanajeshi wa zamani, na vijana hadi miaka 24 waliokulia malezi ya kambo wakaondolewa kwenye sharti, tena wa umri wote, si wale wa 50 na kitu tu. Hapo gharama ni bilioni 6.8. Halafu kuna 1.8.

KASSIM: Hiyo ndiyo inayowavuruga wengi.

ZUHURA: Chukua mwanajeshi wa zamani wa miaka 52. Ukipima umri peke yake, umeshamwandika kuwa katoka. Ukipima msamaha dhidi ya sheria ya zamani, hayumo, sharti halikumhusu. Ukiviweka pamoja anabaki, na akiba uliyoiandika unairudisha. Toa 6.5, jumlisha 6.8 na 1.8: 2.1.

KASSIM: Na anayetaka kujaribu makadirio kama haya mwenyewe?

ZUHURA: Tuseme una wapokeaji 100,000 wa miaka 50 hadi 54. Toa 40,000 walio maeneo yaliyosimamishiwa sharti kwa uhaba wa ajira. Toa 25,000 wagonjwa na wenye msamaha. Wamebaki 35,000. Sasa, usiwatoe wote wenye kazi!

KASSIM: Si wametimiza sharti?

ZUHURA: Kwenye karatasi ndipo wanapokwama. Wiki hii saa 25, ijayo 9, hati ya mshahara haijafika ofisini: anakatwa. Ukikadiria 20,000 watakatwa, mara dola 200 za msaada kwa mwezi, mara miezi 12, ni milioni 48. Mwaka wa kwanza punguza, maana ile miezi 3 kwanza iishe.

KASSIM: Na watakaopata kazi kwa kusukumwa na sharti? Wanasiasa wanaipenda sana hiyo.

ZUHURA: Weka kidogo mno. Jimbo la Arkansas mwaka 2018 liliweka sharti la kazi kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo; watu kama 18,000 walikatwa, na watafiti hawakuona ajira ikipanda.

KASSIM: Mwaka 2025 misamaha ile ikafutwa.

ZUHURA: Umri ukafika 64, wazazi wenye watoto wa miaka 14 kwenda juu wakaingizwa, maeneo yaliyosimamishiwa sharti yakabanwa. CBO ikakadiria wapokeaji watapungua milioni 2.4 kwa mwezi wa wastani. Kwa hiyo mwenye jedwali la 2023 asibadilishe safu ya umri tu. Aanze upya na msingi, yaani nani sharti linamhusu kwa sheria iliyopo.