Tabaka la kati Marekani limekufa? Njooni niwaoneshe Akron, Ohio

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wenzangu, habari za huko nyumbani? Leo sikukaa sebuleni kama mlivyonizoea. Niko kwenye gari, nimeegesha upande wa kusini-magharibi wa mji wa Akron, jimbo la Ohio, na zimebaki dakika arobaini niingie shifti. Ngoja nigeuze kamera muone. Lile jengo kubwa pale, lenye malori yanayoingia na kutoka, ni ghala la Amazon. Lilifunguliwa 2020. Kabla yake hapa palikuwa na Rolling Acres, jengo la maduka lililofunguliwa 1975. Watu wa mji huu walikuja na watoto wao Jumamosi kununua viatu vya shule, kula, kutazama sinema. Likafungwa 2008, likakaa gofu kwa miaka, mwisho likavunjwa. Walipokuwa wakitembea wanunuzi, leo wanatembea wapakia mizigo.

Nimewaleta hapa kwa sababu ya mdogo wangu wa Arusha. Juzi kanitumia sauti WhatsApp, dakika sita nzima. Anasema kijiweni kwao wamegombana. Mmoja kasema Marekani imekwisha, tabaka la kati limekufa, watu wanalala kwenye magari. Mwingine kasema uongo, Wamarekani wanazidi kutajirika, na dada yako kule akituma dola mia mnakula wiki mbili. Halafu mdogo wangu ananiuliza: "Dada, wewe ndiye uliye huko. Nani mkweli?"

Nimeibeba sauti hiyo kichwani wiki nzima. Swali lake si la kijiweni tu. Huyu mtoto anataka kuja, namfahamu.

Kwanza tuelewane maneno. Tanzania tulipotangaziwa Julai 2020 kwamba tumeingia uchumi wa kati, ile ilikuwa hesabu ya nchi nzima, Benki ya Dunia ikipima pato la taifa. Tabaka la kati ni la kaya: wewe, mumeo, watoto wenu, mnaingiza kiasi gani. Hapa Marekani kituo cha utafiti cha Pew kinachukua kipato cha kaya iliyo katikati kabisa, halafu kinasema ukiwa na kuanzia theluthi mbili ya hicho hadi mara mbili yake, umo tabaka la kati. Kwa familia ya watu watatu, mwaka 2022 ilikuwa kati ya dola 56,600 na dola 169,800 hivi kwa mwaka. Mnaona uwanja ulivyo mpana? Mwalimu yumo, dereva wa lori yumo, na mkubwa fulani wa benki yumo.

Sasa hesabu yenyewe. Mwaka 1971, kati ya Wamarekani mia moja, 61 waliishi kwenye kaya za tabaka la kati. Mwaka 2023 walikuwa 51. Kwa hiyo kweli, limepungua. Lakini waliotoka wamekwenda wapi? Walio juu walikuwa 11, wamefika 19. Walio chini walikuwa 27, wamefika 30. Waliopanda ni wengi kuliko walioshuka! Yule wa kijiweni anayesema watu wanatajirika hakubuni. Na hata waliobaki katikati, kipato chao, ukishaondoa mfumuko wa bei, kilikua kwa asilimia 60 hivi tangu 1970. Hawajawa maskini kuliko baba zao kwenye karatasi.

Ila sikilizeni hili, maana ndilo linalonikosesha usingizi. Chukulia kipato chote cha kaya za Marekani ni sinia moja la pilau. Mwaka 1970 tabaka la kati lilikula asilimia 62 ya sinia lile. Mwaka 2022 lilikula 43. Walio juu walikuwa wanakula 29, sasa wanakula 48. Sinia limekuwa kubwa, sikatai. Lakini wanaotangulia kuchota ni wale wale, na bei za vitu sokoni zinawafuata wao. Nyumba inauzwa kwa bei anayoiweza aliye juu.

Wasomi huku wamebishana juu ya namba hizi miaka na miaka. Kambi moja inasema tusilie, watu wamepanda ngazi. Kambi nyingine inasema katikati pamebomoka. Mimi nimesoma ninavyoweza, na naona wanabishana juu ya idadi ya watu waliomo ndani ya nyumba. Mimi nataka kujua mlango uko wapi. Mtu asiye na digrii, mwenye mikono miwili na nia, anaingilia wapi?

Na mlango ule wa zamani ulikuwa hapa hapa Akron.

Wazee wa Arusha mnaikumbuka General Tyre. Kile kiwanda cha matairi cha Njiro kilikuwa ubia wa serikali yetu na kampuni ya General Tire ya Marekani, na makao ya kampuni hiyo yalikuwa mji huu niliomo. Mimi mtoto wa Arusha nimekulia kwenye jina hilo, halafu nimekuja kulikuta kwenye kumbukumbu za mji wa watu wengine. Akron iliitwa mji mkuu wa mpira duniani, mpira wa matairi, si wa miguu. Kampuni ya Goodrich ilianza hapa 1870, Goodyear 1898, Firestone 1900. Mwenye Goodyear, Frank Seiberling, alianza mwaka 1912 kujenga mtaa mzima wa nyumba ili wafanyakazi wake wanunue. Unaitwa Goodyear Heights, upo mpaka leo, nyumba zina vibaraza na miti mikubwa. Firestone naye akajenga wake, Firestone Park.

Msidhani matajiri wale walikuwa na huruma tu. Walitaka watu wasiokimbia kazi. Na ujira mzuri haukushuka kama mvua: mwaka 1935 wafanyakazi wa mpira waliunda chama chao hapa Akron, na 1936 wakagoma kwa kukaa chini ndani ya viwanda, karibu na mashine zao. Ndipo mishahara, likizo na pensheni vikaja. Miaka ya 1950, karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa kwenye vyama. Mwaka 2024 hawakufika asilimia 10.

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee ninapohudumia, kuna mama mmoja Mmarekani, amenizidi miaka ishirini na ushee. Baba yake alikuwa anaunda matairi. Aliishia sekondari. Kwa mshahara wake peke yake, mke yuko nyumbani, alinunua nyumba, akalea watoto wanne, akawa na pensheni, na kila kiangazi walikwenda ziwani. Mama huyu yeye kasoma kuliko baba yake, kafanya kazi maisha yake yote, na bado tunakutana naye shifti ya usiku akiwa na miaka sitini na nne. Aliniambia, "Baba hakuwa hodari kuliko mimi." Sikuwa na la kumjibu. Nilimshika mkono tu.

General Tire ilifunga kiwanda chake cha Akron 1982. Cha Arusha kilisimama 2009. Wenzangu wa Njiro mnajua kiwanda kikisimama nini kinafuata: kwanza mama lishe wa getini, halafu fundi cherehani, halafu ada za shule. Akron ilikuwa na watu zaidi ya 290,000 mwaka 1960. Sensa ya 2020 ilikuta kama 190,000. Watu laki moja, ndugu zangu!

Na hapa lazima niseme jambo moja kama mtu mweusi, kwa sababu wanaoisifu enzi ile mara nyingi wanaliruka. Ile neema haikuwa ya wote. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sheria ya 1944 iliwapa wanajeshi waliorudi masomo na mikopo ya nyumba, lakini wanajeshi wengi weusi waliishia kunyimwa na benki na ofisi za majimbo. Serikali yenyewe ilikuwa na ramani zilizopaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi, ili wasikopeshwe. Sheria ya kukataza ubaguzi kazini ilikuja 1964, ya nyumba 1968. Hesabuni wenyewe: mtu mweusi anapata haki ya kupandishwa cheo kiwandani katikati ya miaka ya sitini, na kufikia 1982 kiwanda kimefungwa. Mlango ulifunguliwa kwake jioni. Kwa hiyo mtu akisema turudi zamani, mimi siwezi kuitikia. Ninachotaka ni ile nguvu ya mshahara, wapewe wote safari hii.

Sasa nije kwangu, maana mdogo wangu anataka kuambiwa kwa mfano. Mimi napata dola 19 kwa saa. Mume wangu anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, dola 21. Wote wawili tukifanya saa arobaini kwa wiki, mwaka mzima, ni kama dola 83,000. Mkizipiga kwa shilingi mnapiga kelele, najua, mama alishawahi kunyamaza kwenye simu nilipomtajia. Kwa hesabu ya Pew, familia yangu ya watu wanne imo tabaka la kati. Karibuni basi ndani.

Kodi za serikali kuu, za jimbo, na za mji, maana Akron wanakata asilimia mbili na nusu yao, zinapita kwanza. Bima ya afya ya familia inakatwa dola 520 kwa mwezi kabla sijaiona. Na sisi si wa ajabu: mwaka 2024 bima ya familia kupitia mwajiri iligharimu wastani wa dola 25,572 kwa mwaka, na mfanyakazi alilipa kama 6,300 kati ya hizo. Kilichobaki analipa mwajiri, yaani ni ujira wangu ambao hauji mkononi. Kodi ya nyumba 1,350. Mtoto wa mwisho kulelewa tukiwa kazini, 900. Magari mawili, kwa sababu huku hakuna daladala wala bodaboda ya kukufikisha ghalani saa kumi alfajiri. Chakula, umeme, gesi ya kupasha nyumba. Mwisho wa mwezi inabaki kama dola 500, na humo humo nyumbani mnanitazama. Natuma kwa moyo mweupe, msinielewe vibaya. Februari giaboksi ya gari ilikufa, fundi akataka dola 2,300, tukaiweka kwenye kadi ya mkopo na tunailipa mpaka leo. Benki Kuu ya Marekani huwauliza watu kila mwaka: ukipata dharura ya dola 400, utailipa kwa fedha yako mwenyewe? Mwaka 2023, watu 37 kati ya mia walisema wasingeweza kuilipa yote hivyo.

Angalieni, baba wa yule mama mwenzangu aliingia na mshahara mmoja. Sisi tumeingia na miwili, na mmoja wetu akiugua mwezi, tuko nje.

Mchumi Raj Chetty na wenzake walifuatilia jambo hili vizuri. Watoto wa Marekani waliozaliwa 1940, tisa kati ya kumi walikuja kupata kipato kikubwa kuliko wazazi wao. Waliozaliwa miaka ya 1980, ni nusu tu. Kila mzazi aliyepanda ndege kuja huku aliamini ile tisa kwa kumi. Mimi niliiamini. Naangalia watoto wangu wamelala na najiuliza wataangukia nusu ipi.

Wanaojibu kwamba dawa ni chuo kikuu, wana hoja, maana waliopanda juu wengi wao ni wenye digrii. Lakini deni la mikopo ya wanafunzi huku limepita dola trilioni 1.6. Mlango umehamishiwa chuoni, halafu getini wakaweka kiingilio cha kukopa.

Kwa hiyo mdogo wangu, wote wawili wa kijiweni waambie wakae chini. Tabaka la kati lipo. Nyumba zao naziona kila siku kule vitongojini, na nyingine zimekuwa kubwa zaidi. Lililokatwa ni daraja la mtu kama mimi na wewe, wa kubeba boksi. Ukija kubeba boksi, utakula, utavaa, utatuma chochote nyumbani, na utabeba boksi hilo hilo miaka kumi. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, hakijasogea hata senti. Ohio mwaka 2025 kilikuwa 10.70.

Mlango mmoja wa mikono nimeuona bado uko wazi, nao ni ufundi wenye leseni. Fundi umeme wa katikati kabisa huku mwaka 2023 alipata zaidi ya dola 60,000, peke yake. Fundi bomba vivyo hivyo. Unajifunza miaka minne au mitano kazini huku unalipwa, bila deni la chuo. Cheti cha nyumbani hakitakuruka hatua zote, utaanza karibu na mwanzo, lakini mtu aliyekwisha kushika waya hafanani na aliyeshika maboksi.

Uliniambia unataka kuacha mafunzo VETA ili uharakishe hati ya kusafiria. Hati inasubiri. Nitumie sauti leo usiku, nikitoka shifti nitasikiliza: umeme umefika ngazi ya pili, au bado uko ya kwanza? Na mtihani ni lini? Ada iliyobaki niambie ni kiasi gani.

Haya, saa imefika, naona watu wa ghala hili nao wanaingia zamu yao. Acha niwashe gari.